Nimewaongezea nyuki mbio, na kijana wa watu analaumiwa

(Barua hii tuliikuta Jumatatu ndani ya sanduku la barua la redio yetu, pale sokoni mjini Baraka. Mwandishi aliomba isisomwe hewani. Jibu nilimpelekea kwanza kwa mkono. Baadaye alikuja mwenyewe akasema: someni yote, na majina msifiche. — Dorothée)

Mama Dorothée wetu wa redio,

Nakusalimu kwa heshima na kwa aibu pia, mimi ni mama wa hapahapa Baraka, fundi wa kushona, nilisoma mpaka mwaka wa sita tu wa shule ya msingi, kwa hiyo unisamehe mwandiko na unisamehe urefu, maana neno hili limenikaa kifuani kama mwiba wa samaki, na kwako najua watu huleta mambo ya ndoa na ya mashamba na ya wakwe, mimi sina hata moja katika hayo, mimi shida yangu ni mchezo wa kwenye telefone, na nakuomba usicheke kwanza mpaka ufike mwisho.

Mtoto wangu wa kwanza anaitwa Néhémie. Naandika anaitwa, najua ingekuwa aliitwa, lakini mkono haujazoea. Alikwenda Uvira kusoma mambo ya kompyuta, mwaka wa pili figo zikamrudisha nyumbani, na badala ya kulala kama daktari alivyosema akaja kukaa barazani karibu na cherehani yangu, mimi nashona yeye anaandika, mashine mbili zinapiga kelele pamoja kutwa nzima, na ile kompyuta yake ilikuwa ya mkono wa pili, herufi ya M ilikuwa imeng'oka, akaniomba kifungo cha shati akakibandika pale kwa gundi, cheupe chenye matundu manne, mpaka leo ukitaka kuandika neno mama kwenye mashine ile unabonyeza kifungo cha shati mara mbili.

Alichokuwa akiandika ni mchezo wa kupigana, kundi kwa kundi, watu kumi na wawili kwa mara moja, kila mtu na telefone yake, bila kununua megabaiti hata moja, kwa sababu aliweka juu ya kabati langu kisanduku chenye antena mbili kinachounganisha telefone zote za barazani na kompyuta yake, na umeme unatoka kwenye paneli ya jua iliyo juu ya bati. Aliponieleza mara ya kwanza nilikasirika, nikamwambia, "Néhémie, batu ba huku balishachoka na bunduki, na weye unabaletea zingine?" Akacheka, akageuza kioo upande wangu. "Mama, mu muchezo yangu bunduki haiko hata moja. Angalia kwanza."

Nikaangalia, Mama Dorothée, na nikaiona Baraka. Niliona soko letu, nikaona vichanja vya kukaushia ndakala, wale samaki wadogo, nikaona daraja la Mutambala, nikaona ziwa na Ubwari kwa mbali ng'ambo, na nyumba yangu mwenyewe yenye bati moja jipya na mengine yenye kutu. Sijui kama huko mbali wanakotengeneza michezo kuna mtu aliyewahi kuweka kutu ya bati la mama yake. Silaha zake ni mbili tu. Ya kwanza ni manati, unarusha kokwa za ngazi, yaani za mchikichi, na hiyo lazima ulenge mwenyewe kwa kidole, tena usimlenge mtu pale alipo, umlenge pale atakapofika, maana anakimbia. Ya pili ni mzinga wa nyuki, hiyo huhitaji kulenga, unamwonyesha mtu mara moja tu, unafungua, na nyuki wanamfuata wenyewe, akikata kona nao wanakata kona, mpaka wamfikie au apite kwenye moshi wa samaki au aruke majini, hapo wanamwacha. Kila mtu ana nguvu tano. Zikiisha hufi, unakwenda kukaa kwenye benchi la kanisa, unahesabu kumi, unarudi mchezoni. Aliniambia, "Kwangu muntu hakufe, mama, anapumzika tu."

Sasa nifike kwenye sauti, maana hapo ndipo dhambi yangu ilipoanzia. Mvumo wa nyuki aliufanya kwa kinywa chake. Alijifunika kitenge changu cha kijani kichwani, yeye na telefone yake, ili jogoo wa jirani wasiingie, akavuma zzzz kwa pumzi moja ndefu, na mimi sikujua kama anarekodi, nikamwita kutoka jikoni nilikokuwa napika majani ya muhogo, "Néhémie, sombe iko tayari!" Akavuma mpaka pumzi ikaisha, kisha akaitika, "Nakuya, mama." Nilipojua nilimwambia afute ile ya mwisho, akakataa. Akasema nyuki wakimfukuza mtu muda mrefu kiasi hicho bila kumpata, basi mtu huyo amekimbia vizuri, anastahili kusikia siri. Na kweli zamani tulikuwa tunaisikia, mara moja moja, na aliyefukuzwa anacheka.

Mwezi wa sita mwaka jana Néhémie alituacha. Wiki zake za mwisho vidole vilivimba, akawa ananiambia namba nami naandika, maana silaha zote ameziweka kwenye karatasi moja ndani ya kompyuta, kila silaha na namba zake, ukibadilisha namba silaha inabadilika. Ziko pia katika daftari lake, kwa kalamu. Mtu anayekimbia, mwendo 5. Kokwa, mwendo 15, maumivu 2. Nyuki, mwendo 4, maumivu 1, kungoja sekunde 20 kabla ya kufungua mzinga tena. Na pembeni aliandika: "Nyuki ni wa yule asiyejua kulenga bado. Lazima asikike kabla hajafika." Basi mimi niliyeishia mwaka wa sita nikawa najua mashine ile inavyofunguliwa, na hakuna aliyejua kama najua.

Matanga yalipokwisha alikuja rafiki yake Vainqueur, yule aliyeshika jeneza upande wa kichwa, akasimama mlangoni akasema, "Mama, tuwashe?" Nikasema washeni. Tangu siku hiyo kila alasiri baraza langu linajaa, vijana wa mtaa, wasichana, madereva wa pikipiki, wanaotoka Lusenda kambini kwa miguu, na jirani yangu Kulthumu anayeuza mawese, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, macho mabovu, kicheko kikubwa. Huyo manati hajui. Anasema, "Mi silengake, mi natuma tu."

Lakini wengine walijifunza, wakawa hodari mno. Uledi, kijana wa boti, anaweza kumpiga mtu aliye hewani anaruka kutoka darajani. Na hodari hataki nyuki, anaona ni polepole, maumivu kidogo, unangoja sana. Basi ikafika mahali mchana mzima barazani ni tak tak tak za kokwa tu. Kulthumu akaenda Kalemie bintiye alipojifungua, akakaa wiki mbili, na tangu aondoke nyuki hawakufunguliwa hata mara moja. Nilikuwa nashona, nasikiliza, siku ya kwanza hakuna, ya pili hakuna. Siku ya tisa, asubuhi, kabla vijana hawajafika, niliwasha kompyuta nikafungua karatasi ile. Mwendo wa nyuki nikafuta 4 nikaweka 9. Kungoja nikafuta 20 nikaweka 5. Maumivu nikaweka 2, sawa na kokwa. Nilijiambia, nyuki wakiwa na nguvu watu watawataka, na wakiwataka nitamsikia mwanangu.

Na nilimsikia, Mama Dorothée. Alasiri ile nyuki walivuma mara nyingi mpaka sindano ikanichoma kidole kwa furaha. Ila mchezo ukaharibika. Watu wakaacha kulenga. Wanaonyesha, wanafungua, wanaonyesha, wanafungua, na anayefukuzwa hana pa kwenda, hata majini hafiki. Wanaoanza walifurahi siku tatu, kisha nao wakachoka, maana kushinda bila kufanya kitu hakuna utamu. Uledi akatupa telefone juu ya mkeka, akasema, "Sasa kulenga ni ya kazi gani? Unafinya tu, unakunywa chai, nyuki inakufanyia kazi!" Akamgeukia Vainqueur. "Ni we. We ndiye unagusaka mashini."

Vainqueur akasema, "Mi sikugusa kitu."

"Ni nani mwingine anaijua? Ao ni huyu mama wa kushona?"

Wote wakacheka, na mimi nikainamia kitambaa nikacheka nao. Nimeandika hivyo ili ujue. Nikacheka nao.

Uledi akamalizia, "Tangu mwenyewe aende, weye uko unaharibu kazi yake." Vainqueur aliacha kikombe chake cha maji kimejaa, akaondoka. Sasa mtaani wanasema alibadilisha mchezo ili uitwe wake. Watu waliokuwa kumi na wawili, juzi walikuwa wanne. Na jana akaja, macho mekundu, akaniambia, "Mama, Jumamosi ekipe ya bachezaji ba Misisi inakuya na pikipiki, na ya Lusenda nayo inakuya. Banakuya kuona muchezo ya Néhémie. Baone hii? Nitatoa nyuki yote, kabisa, abaki manati peke. Nipe ruhusa tu." Nikasema nipe siku mbili.

Akitoa nyuki anatoa sauti ya mwanangu, na hajui. Nikisema ukweli wataniona mwizi katika nyumba yangu mwenyewe. Nikinyamaza Vainqueur anakwenda na jina baya. Na jambo jingine dogo linanisumbua, ile "Nakuya, mama" ya mwisho sijaisikia tena tangu nilipobadilisha, nyuki wanavuma mchana kutwa lakini ile haiji, sijui imepotelea wapi ndani ya mashine, naogopa nimeivunja. Nifanye nini, mama yetu? Barua usiisome redioni, tafadhali.

Mimi, Suzanne, mama wa Néhémie.

JIBU

Mama Néhémie,

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kama mshauri, ya pili kama mtu aliyezika. Kile kifungo cha shati sitakisahau. Pole yangu ni ya kweli, iweke mahali pema, kwa sababu sasa nakugombeza.

Umenikataza kuisoma redioni, nami nimetii, ingawa ningekatazwa na akili yangu pia. Baraka yote ina nyumba moja tu yenye vijana kumi na wawili barazani na nyuki juu ya kabati. Ningesoma hata bila jina, kabla ya sentensi ya tatu watu wangekuwa wamegeuza shingo kuelekea kwako. Ndiyo maana jibu hili linaletwa mkononi, ili ukweli utoke kinywani mwako, usitoke kwenye redio.

Kosa lako si kubadilisha namba. Namba huwekwa ili zibadilishwe. Mwanao mwenyewe alizibadilisha na wewe ukimwandikia. Kosa lako ni kile kicheko. Kijana aliyembeba mwanao begani alitukanwa mbele yako, kwenye baraza lako, kwa jambo ulilolifanya wewe, ukainama ukacheka. Hapo hukuwa unamlilia Néhémie. Hapo ulikuwa unajificha, tena ulijificha nyuma ya mwaka wa sita, ukawaacha waamini kwamba mama wa kushona hawezi kuijua mashine. Unaijua! Uliifungua peke yako, ukagusa namba tatu, ukapindua mchezo wa watu kumi na wawili. Mwenye kuweza hivyo asiniambie habari za mwandiko mbaya.

Na wewe ni fundi. Gauni likibana kwapani, je, unapunguza kiuno, unarefusha mkono na kukata shingo siku ileile? Unagusa mahali pamoja, unamvalisha mtu, unaangalia. Wewe ulishika mkasi ukakata pande tatu kwa mara moja, kisha unashangaa nguo imekuwa gunia.

Sasa kuhusu Vainqueur na shauri lake la kutoa nyuki wote. Amekosea, na nitakueleza kwa nini, ingawa mimi telefone natumia kupigia tu.

Baba yangu alikuwa mwindaji huko milimani, upande wa Fizi. Kulikuwa na wenye mikuki na kulikuwa na wenye mbwa. Mkuki haumfuati mnyama. Ukirusha vibaya umeanguka, uende ukauokote kwa aibu yako. Mbwa anafuata mwenyewe, kona kwa kona, kama hao nyuki wako. Lakini baba alimfunga kila mbwa njuga ya mti shingoni, na mbwa wake mmoja, jina lake Sikuambii, alikuwa na njuga iliyosikika bonde zima. Nilimuuliza, baba, mnyama si anaisikia pia, si anakimbia? Akasema, aisikie. Mbwa kazi yake ni kumtoa mafichoni na kumchosha, na sisi tujue yuko wapi. Kuua ni kazi ya mkono wa mtu. Mwaka mmoja jirani yetu alileta mbwa wawili wakali wasio na njuga, wanakamata wenyewe, wanaua wenyewe. Wiki ya kwanza nyama ilijaa. Mwisho wa msimu vijana hawakujua tena kurusha mkuki, na mwituni hakuna aliyejua mwenzake yuko wapi. Wazee wakasema mbwa wale wafungwe njuga ama wabaki nyumbani.

Lakini hawakusema mbwa waondolewe! Maana yupo mzee ambaye bega lake halirushi tena, yupo mtoto ambaye bado hajajifunza, nao walikwenda kuwinda na mbwa, wakarudi na fungu lao. Fungu la mwenye mbwa kwetu lilikuwa shingo, la mwenye mkuki paja. Hakuna aliyegombana, kila mmoja alijua kazi yake ina thamani gani. Ukiwatoa nyuki, Kulthumu atakwenda kuuza mawese yake mahali pengine na kicheko chake, na hao wa Lusenda watakaokuja Jumamosi, ambao wengi wao hawana mazoezi, watakaa kwenye benchi la kanisa alasiri nzima wakihesabu kumi. Uledi atashinda, na atashinda peke yake, na mwezi ujao hatakuwa na wa kumshinda.

Basi yule mwanao, aliyekuwa amelala na vidole vimevimba, alijua yote haya bila baba mwindaji. Soma tena daftari. Nyuki 4, mtu 5. Yaani nyuki ni wa polepole kuliko mtu anayekimbia, kidogo tu. Ukikimbia moja kwa moja hawakufikii. Ukisita, ukigonga ukuta, ukisahau moshi uko upande gani, wanakufikia. Maumivu 1, wasumbue, wasimalize. Kungoja 20, ufikiri kabla ya kufungua. "Lazima asikike kabla hajafika." Hiyo ndiyo njuga, mama. Aliwafunga nyuki wake njuga, na njuga aliyowafunga ni pumzi yake mwenyewe.

Na hapa nakuomba ukae chini kwanza.

Umeniandikia kwamba "Nakuya, mama" imepotea, hujui imepotelea wapi. Haijavunjika. Umeikata. Sauti ile ni ndefu kama pumzi moja ya mtu, na jibu lake liko mwisho kabisa. Nyuki wa 4 anamfukuza mtu soko zima, anavuma, anavuma, na mtu akikimbia vizuri pumzi inafika mwisho na mwanao anaitika. Nyuki wa 9 anafika mara moja, na akifika mvumo unakatika. Wewe umejipatia zzz mia moja za nusu nusu, na kila moja umeifunga kabla hajakujibu. Ulitaka kumsikia zaidi, ukawa unamkatiza.

Lia kidogo. Halafu simama, kuna kazi.

Leo jioni mwite Vainqueur, peke yake. Mpikie sombe. Asile kwanza, mwambie kwanza, ndipo ale, ili chakula kisiwe rushwa. Usimwambie "kulitokea kosa." Mwambie, "Ni mimi." Mwambie na habari ya sauti, maana yeye pia amefiwa, na wewe umemficha urithi wake.

Kisha mzirudishe namba pamoja, wewe ukibonyeza, yeye akisoma daftari. Nne. Moja. Ishirini. Msiongeze kitu kipya kabla ya Jumamosi, hata kama Uledi ana shauri zuri. Wageni wanakuja kuona mchezo wa Néhémie, waukute wa Néhémie.

Mwambie Vainqueur atoe sauti ile ndani ya mchezo aiweke nakala kwenye telefone yako, kwenye ya kwake, na ya tatu aniletee mimi hapa redioni, tutaitunza. Kompyuta ya mkono wa pili inaweza kufa kesho. Ukiwa na sauti mahali salama, hutakuwa na hamu ya kuwasukuma nyuki ili uisikie. Wakati wowote utabonyeza, utamsikia. Mchezo uachiwe uwe mchezo.

Jumamosi, kabla ya kuanza, wakiwa wamejaa wote, Misisi na Lusenda na wa hapa, simama mbele ya Uledi useme ulichofanya. Sentensi tatu zinatosha. Usijitetee, usilie sana, na usiseme wewe ni mama wa kushona tu. Watashangaa. Nakuahidi Uledi ndiye atakayeona haya, na atamwomba Vainqueur radhi bila kusukumwa, maana hodari wa kweli hapendi kukosa shabaha, na huyu alirusha maneno kwa mtu asiye na kosa.

Baada ya mashindano, kama bado mnaona hodari wanawadharau nyuki, gusa jambo moja tu, si mwendo wala maumivu. Gusa fungu. Nyuki wakimgusa mtu, kisha kokwa ya mwenzako ikammaliza, aliyefungua mzinga naye apate alama. Shingo kwa mwenye mbwa, paja kwa mwenye mkuki. Hapo utaona Uledi anamtafuta Kulthumu awe kundi lake, anamwambia, mama, nitolee yule nyuma ya vichanja, mi namungojea. Jaribuni wiki nzima, mwandike kwenye daftari lilelile, kwa kalamu, chini ya mwandiko wake, na sababu pembeni kama alivyofanya yeye.

Na wewe jifunze kucheza. Utapigwa kokwa na watoto wa watu, utakaa kwenye benchi, utahesabu kumi, utarudi. Hufi. Yeye mwenyewe alikuambia.

Umeniandikia kama mtu mwenye aibu, lakini mimi katika barua yako nimesoma majivuno kutoka mwanzo, nayo yanakustahili. Kijana wa Baraka, mgonjwa, na mashine isiyo na M, amekaa barazani akapima silaha inayofuata na silaha inayolengwa, mpaka mwanamke asiyeona vizuri na kijana mwenye jicho la mwewe wakaweza kukaa mkeka mmoja na kila mmoja akawa na siku yake ya kushinda. Wanaume wa Misisi wanapanda pikipiki kwenye barabara ile mbovu kuja kukiona alichokifanya.

Basi Jumamosi vaa kile kitenge cha kijani. Kaa karibu na mashine zako mbili. Utafika wakati mgeni mmoja atakimbia vizuri, atazunguka soko, atapita kichanja cha mwisho, nyuki nyuma yake, hawamfikii, hawamwachi, na telefone yake itasema kwa sauti ya kijana, "Nakuya, mama." Atainua kichwa aulize, huyu ni nani?

Usiinamie kitambaa. Jibu wewe, kabla hajajibu mtu mwingine.

Dorothée